Faili Nililolifuta Siku ya Mnada

Vijana, hongereni. Nimeziona stika mlizobandika kwenye laptopu zenu. Mtu mwenye stika nyingi namna hiyo bila shaka ameshamaliza mradi wake, na kama hajauanza, basi ni kwa sababu kifuniko kimejaa.

Wiki iliyopita wenzenu wanne walinifuata nyumbani hapa Dongobesh, wakanikuta napepeta maharage. Wakaniamkia vizuri, shikamoo zote nne, wakakaa, wakanionyesha programu yao ya bei za vitunguu saumu. Ni ukurasa mmoja wenye majina ya masoko na bei pembeni. Nikauliza, "Imebeba pakeji ngapi?" Wakatazamana. Mmoja akagonga vitufe, akasema, "Mia tisa na kidogo, bibi."

Kwa asiyejua, pakeji ni kipande cha programu alichoandika mtu mwingine huko duniani, akakiweka kwenye intaneti, nawe unakichukua bure ili usiandike chako. Vipande hivyo ndivyo vitegemeo vya mradi wako. Sasa hawa vijana wamealika wageni mia tisa wasiowajua hata kwa sura, ili kitunguu kipate bei. Nikawasifu. Hata harusi ya mtoto wa diwani huwa na orodha.

Waliniomba niwaandikie namna ya kuanzisha mradi na kutunza vitegemeo vyake. Nimekubali kwa sababu maharage yamekwisha, na kwa sababu kuna mama mmoja wa Basotu ambaye nusura afe kwa mkono wangu, na sijawahi kulisimulia jambo hilo lote.

Jina langu ni Paskalina. Nilifanya kazi kwenye shirika dogo la afya pale Mbulu mjini. Jina lake halitawasaidia kitu. Niliajiriwa kama karani wa kupiga chapa. Siku moja mashine ya chapa ikaondolewa mezani kwangu, ikaletwa kompyuta, na kwa kuwa nilikuwa napiga kwa vidole kumi bila kutazama, ofisi nzima ikaamini kwamba naijua kompyuta. Hivyo ndivyo nilivyopata utaalamu wangu. Nanyi mlikesha mkisomea digrii.

Aliyenifundisha kweli ni Bwana Hemedi, mtu wa Tanga aliyekuja kutuwekea mifumo. Mwezi wa saba alivaa sweta mbili na koti juu yake, na bado alituuliza sisi Wairaqw tulimkosea nini Mungu hadi akatuweka kwenye jokofu. Lakini kazi aliijua. Alikuwa na mtindo mmoja ulioniudhi sana. Akimaliza kuandaa mradi, huandika kwenye karatasi hatua za kuusimika, yaani kuuweka kwenye kompyuta mpya, hatua kwa hatua, kisha hunipa mimi na mashine tupu, naye huenda kunywa chai.

"Nimekwama hatua ya tatu," mimi humfuata na kumwambia.

"Umefanya kama nilivyoandika?"

"Ndiyo."

"Basi nimekosea mimi. Kaa."

Naye hukaa, hurekebisha karatasi, hufuta mashine, hunirudisha hatua ya kwanza, huenda tena kunywa chai. Siku moja alikunywa vikombe sita. Nilidhani ananidharau. Baadaye nikaelewa kwamba mradi ambao hausimami bila mwenyewe kuwepo bado haujaanzishwa. Mwenyewe ameuficha tu kichwani mwake, na kichwa kinaweza kuhamishwa kikazi. Ninyi maelezo ya kusimika mradi mnaandika mstari mmoja: "Simika kama kawaida." Kawaida ya nani?

Kuhusu vitegemeo, Bwana Hemedi hakuwa na hotuba. Nikimwonyesha pakeji mpya niliyoipenda, alinitazama juu ya miwani na kusema, "Nguo ya kuazima haisitiri matako, Paskalina." Mimi mwanakwaya, mbele ya watu! Nilijifunza kusoma pakeji kabla ya kumwonyesha, ili tu asinitamkie neno hilo.

Mimi na yeye tulijenga mfumo wa wachangia damu wa Mbulu na Hanang. Haukuwa na urembo. Ulionyesha jina la mtu, kijiji chake, simu yake, kundi lake la damu na mara ya mwisho alipochangia. Mtu wa maabara kwenye kituo cha afya anafungua ukurasa, anachagua kundi, anapata majina ya walio karibu, anapiga simu. Seva yetu ilikuwa kompyuta ya kawaida iliyokaa stoo, kando ya maboksi ya glavu, imefunikwa kitambaa nilichofuma mwenyewe. Msicheke. Vumbi halijui kwamba mashine yako ni ya kisasa.

Bwana Hemedi alipostaafu na kurudi kwao kwenye joto, alinionyesha faili moja ndani ya mradi. Tuliliita faili la kufuli. Limeandikwa kila pakeji na toleo lake kamili, hata pakeji zinazotegemewa na pakeji nyingine, ili yeyote atakayeusimika mradi apate vitegemeo vilevile tulivyovijaribu sisi, si vilivyotoka asubuhi ya leo. Lilikuwa na maelfu ya mistari, na hakuna binadamu anayelisoma.

"Hili usiliguse," akaniambia. Nikamjibu kwamba nimesikia. Na kweli nilikuwa nimesikia.

Kisha nikapelekwa semina Arusha. Semina ni kitu kizuri: unapewa mkoba, kalamu, wali kuku, na unarudi na cheti pamoja na homa. Mkufunzi alikuwa kijana mtanashati aliyerudia mara nyingi kwamba kuendesha toleo la zamani ni aibu. Nikarudi Mbulu na aibu yangu. Kila nikifungua mradi naona maonyo ya njano: pakeji hii imepitwa, pakeji ile ina toleo jipya. Njano, njano, njano. Mimi nimelelewa na mama ambaye uwanja usipofagiwa kabla ya jua hatoi uji. Ningeachaje uchafu ule?

Siku niliyoichagua kufanya usafi ilikuwa siku ya mnada. Waliokulia huku wanajua: siku hiyo nusu ya watu wote wamesimama kwenye vumbi la ng'ombe, kila mmoja na simu sikioni, na mtandao unakuwa mzito kama ugali wa jana. Intaneti yetu ya ofisi ilipita kwenye minara hiyohiyo ya simu. Lakini mtu mwenye cheti haangalii kalenda.

Nikafungua seva yenyewe. Si nakala, si mashine ya majaribio, ni seva ileile iliyokuwa inatumika na vituo vyote saa ileile. Nikalifuta faili la kufuli, kwa sababu maelfu ya mistari isiyosomeka ilionekana takataka. Nikafuta folda nzima ya pakeji. Nikaandika amri ya kuleta zote upya, matoleo ya mwisho kabisa. Nikaenda kunywa chai, kama Bwana Hemedi. Ile sehemu ya chai nilikuwa nimeielewa vizuri sana.

Niliporudi, kazi ilikuwa imekwama katikati. Mtandao ulikuwa umekatika. Pakeji za zamani nimezifuta, mpya zimefika nusu. Nikaanza upya. Mara ya pili ikaenda mbali zaidi, kisha ikakataa: pakeji moja haipo tena. Mwenyewe kaiondoa kwenye intaneti, huenda alichoka, huenda alioa. Kazi ya pakeji hiyo ilikuwa kugeuza herufi ya kwanza ya jina iwe kubwa. Basi. Kazi ambayo mwalimu wa darasa la kwanza anaimaliza kwa chaki, mfumo wetu ulimwachia mtu wa bara lingine. Nikairuka hiyo, nikaendelea, ikajitokeza nyingine ya kusoma tarehe ambayo toleo lake jipya lilibadilisha majina ya kila kitu. Ukurasa wetu ukawa mweupe kabisa. Ule uchafu wa njano ulikuwa umekwisha, hilo nakiri.

Simu ikalia. Alikuwa Fausta, mtu wa maabara kwenye kituo kimoja cha afya pale Katesh, Hanang. Ni binti wa kule Jorodom, mpole, asiyependa kusumbua watu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Fausta."

"Mama, mfumo haufunguki."

"Tunauboresha," nikasema. Vijana, neno "tunaboresha" lilitungwa na watu waliovunja kitu.

"Mama, nina mzazi hapa, ametoka Basotu. Amejifungua salama, lakini damu haikati. Ni O hasi. Akiba yangu ya O hasi imekwisha. Ndugu zake watatu nimewapima, hakuna anayefaa. Daktari anasema tusimsafirishe hivi alivyo. Nahitaji majina, mama."

Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Ningesema ni mtandao. Ningesema ni umeme. Yote mawili yangeaminika, kwa sababu mtandao na umeme havina mdomo wa kujitetea.

"Fausta, ni mimi. Nimeuvunja mwenyewe asubuhi hii."

Nyuma yake nikasikia mtu anasukuma kitanda cha magurudumu.

"Sawa mama," akasema. "Majina utayapata saa ngapi?"

Hakunilaumu. Hakuwa na muda huo. Ningependa angenilaumu.

Nikampigia Bwana Hemedi. Alipokea akiwa na furaha, akauliza kama bado tunaishi kwenye jokofu. Nikamweleza kwa pumzi moja, hata la faili la kufuli. Furaha ikamtoka.

"Kanzidata yenye majina umeigusa?"

"Hapana."

"Una hakika?"

"Nimefuta pakeji tu. Na lile faili."

"Basi majina yapo. Ulichoua ni ukurasa wa kuyaonyesha. Ingia kwenye kanzidata moja kwa moja, uyaulize mwenyewe."

Hapa ndipo palipoumiza. Nilikuwa sijaandika swali la kanzidata kwa mkono kwa miaka. Kwa nini niandike, wakati kuna kitufe? Nikaweka simu mezani kwenye spika, nikaanza kuandika. Nipe walio O hasi, wa Hanang, waliochangia zaidi ya miezi mitatu iliyopita. Nikabonyeza.

Safu sifuri.

"Hakuna, Bwana Hemedi. Hakuna hata mmoja."

"Wapo. Usilie, huoni vizuri ukilia. Umeandika kundi vipi?"

"O hasi."

"Sisi tuliliandika vipi kwenye jedwali? Toa mtu mmoja yeyote, utazame."

Nikatoa mmoja. Tuliandika herufi O na alama ya kutoa. Ukurasa ndio uliokuwa unaigeuza kuwa "hasi" kwa ajili ya macho ya watu, na mimi niliyeuandika ukurasa huo nimesahau. Nikarekebisha, nikabonyeza. Majina manne.

Wa kwanza, simu haipatikani. Wa pili alikuwa amehamia Singida, akanipa pole nyingi ambazo sikuwa na nafasi ya kuzipokea. Wa tatu alikuwa Mwalimu Yuda wa Nangwa.

"Shikamoo mama. Niko darasani, naomba nikupigie baadaye."

"Mwalimu, kuna mzazi Katesh anatokwa na damu. Yako ndiyo inayofaa."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Nikamsikia akiwaambia watoto, "Fanyeni swali la nne mpaka la kumi. Atakayepiga kelele nitamjua." Kisha nikasikia pikipiki ikipigwa teke. Hakuwa amekata simu. Nilimsikiliza akipita kwenye mawe mpaka ikakatika yenyewe.

Wa nne alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano upande wa Basotu. Huyu hakuuliza chochote. Alisema tu, "Nafika," na Fausta aliniambia baadaye kwamba alifika na vumbi lake lote, mpaka wakamwosha mkono mara tatu.

Nilikaa na simu mapajani. Damu ya mtu haitoki mkononi ikaingia kwa mwingine papo hapo. Lazima ipimwe, ilinganishwe, na mwenye kupima ni mmoja. Nilijua kila hatua, maana niliandika mfumo wa kuzifuatilia. Kujua hakukunisaidia. Mchana ukapita, mnada ukatawanyika, ng'ombe wakapitishwa mbele ya dirisha langu, na mtandao, kwa wema wake, ukarudi kuwa mwepesi.

Fausta akapiga.

"Mama, imekata. Amepata chupa mbili. Amefumbua macho, ameuliza mtoto yuko wapi."

Nikafanya jambo la kitaalamu kabisa: nikalaza kichwa kwenye kibodi. Ikaandika herufi moja mpaka mwisho wa ukurasa.

Kesho yake mkurugenzi wetu akataka taarifa ya maandishi. Alikuwa mtu mwema, akanishauri niandike "hitilafu ya mtandao", yaishe. Nikamshukuru, nikaandika kwamba Paskalina alifuta faili la kufuli kwenye seva inayotumika, bila nakala, bila majaribio, siku ya mnada. Alisoma, akaniuliza kama nina hakika nataka ibaki hivyo. Nikasema ndiyo. Kama ningeandika mtandao, tungenunua modemu mpya, na mimi ningebaki vilevile na amri zangu.

Kuurudisha mradi kulichukua majuma matatu, vituo vikinipigia simu na mimi nikiwasomea majina kutoka kwenye kanzidata kama mtangazaji wa vifo redioni. Niliianza folda upya, tupu. Kila pakeji iliyotaka kurudi niliihoji kama mkwe mtarajiwa. Nani kakuandika? Amekugusa lini mara ya mwisho? Umekuja na ndugu wangapi? Na swali kubwa: mimi mwenyewe siwezi kukuandika kwa alasiri moja? Ile ya herufi kubwa niliiandika mwenyewe, mistari minne. Zilizofuzu hazikujaza hata ukurasa mmoja wa daftari. Faili la kufuli likaundwa upya, likahifadhiwa pamoja na mradi, na nakala yake nje ya jengo. Nikaomba kompyuta iliyotupwa ya idara ya chanjo, nikaifanya ya majaribio. Tangu hapo kitegemeo kikipata toleo jipya kilipelekwa huko kwanza, kimoja kimoja, kikae wiki nzima kikisumbuliwa. Ukibadilisha ishirini kwa pamoja na kitu kikavunjika, una washukiwa ishirini, na wote watakuambia walikuwa wamelala.

Mwisho nikaandika hatua za kusimika, nikampa katibu muhtasi mashine tupu, nikaenda kunywa chai. Aliniita mara nne. Makosa manne, yote yangu. Nilikunywa vikombe vinne na kila kimoja kilikuwa kichungu kuliko kilichotangulia.

Miezi ikapita. Siku moja nikaenda Katesh, kulikuwa na uchangiaji damu na mimi nilitaka kuona Fausta anavyoutumia mfumo mpya. Nimekaa nyuma yake na daftari, najifanya mkaguzi, mama mmoja akaja na mtoto mgongoni. Mwembamba, mrefu, kitenge cha kijani. Fausta akasema, "Mama, huyu ndiye Elizabeti wa Basotu." Akamgeukia, "Na huyu ndiye mama wa kompyuta."

Elizabeti akaniamkia kwa heshima zote. Akamtoa mtoto mgongoni anionyeshe. Mtoto akanitazama kama pakeji asiyoiamini.

"Nimeambiwa kompyuta yako iliniokoa," akasema.

Ingekuwa rahisi kutabasamu. Watu walikuwa wanasikiliza.

"Hapana, mwanangu. Siku ile kompyuta ilikuwa imekufa, na niliyeiua ni mimi. Nilikuwa nafanya usafi. Waliokuokoa ni mwalimu wa Nangwa na dereva wa trekta, na huyu Fausta."

Sikujua kama angenitukana, na nilikuwa nimeshakubali matusi. Elizabeti akamhamishia mtoto bega la pili.

"Kwenye hiyo orodha yako," akauliza, "wewe ni namba ngapi?"

Vijana, miaka yote ile niliijua orodha kwa moyo. Nilijua makundi ya watu ambao sijawahi kuwaona. La kwangu mwenyewe sikulijua. Ninaogopa sindano tangu nikiwa shule ya msingi, na nilikuwa na jibu zuri kila nilipoulizwa: mimi ni mtu wa mfumo.

"Simo," nikasema.

Fausta, ambaye hapendi kusumbua watu, alikuwa ameshavuta kiti.

Nikavua sweta, nikaketi. Fausta akanipima uzito, shinikizo la damu, wingi wa damu na kundi lake, akasema natosha. Nikajiandikisha mwenyewe kwenye simu. Fomu niliyoiandika kwa mkono wangu ikanikataa. Nimeacha nafasi katikati ya namba ya simu. Nikarudia, ikanikataa tena, sijachagua wilaya. Elizabeti akaja kusimama nyuma yangu aone. Mara ya tatu ikanikubali, ikaandika: "Asante. Umesajiliwa." Nilikuwa bado naisoma sentensi hiyo Fausta alipochoma sindano.